Tarakimu zilizobadilishana viti

Leo tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi. Kila tukijumlisha, pande mbili zinapishana kwa 27. Tangu asubuhi hatusemeshani vizuri. Ukiomba kalamu unajibiwa kwa mkato. Mwenzetu wa meza ya mwisho ndiye aliyelifumbua. Tofauti ikigawanyika kwa 9, mara nyingi kuna tarakimu mbili zilizopishana, basi akapekua mpaka akaikuta: 63 imeandikwa 36. Akainua kichwa, akasema taratibu, "Jamani, hawa wawili walibadilishana viti sisi tukiwatazama."

Tulicheka hadi machozi. Mabega yakashuka, na wale wawili walionuniana tangu juzi wakaanza kuongea. Mwanasaikolojia Mmarekani Robert Provine, aliyechunguza vicheko vya watu katika maongezi ya kila siku, aligundua kwamba vingi havifuati mzaha wowote, hufuata maneno ya kawaida tu. Na kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Leo nimeliona hilo. Hatukuicheka 63. Tulicheka kwa kuwa sote tulikuwa tumekwama shimo moja.

Kisha bosi akauliza nani aliyeiingiza. Ni kijana anayejifunza kazi. Bosi akasema, "Huyu hata umri wake atausoma kinyumenyume!" Tukacheka tena, nami nikacheka. Kijana naye alicheka, tena kwa sauti kutushinda, lakini vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga kifuniko cha kalamu, vinafungua, vinafunga. Hapo kicheko kikanikauka. Mzaha wa kwanza ulizitania tarakimu. Huu wa pili ulimtania mtu asiyeweza kujibu, na mtani ni yule unayeweza kumrudishia. Bosi si mtu mbaya, naamini alitaka kutuchangamsha. Ila anayechekwa na mkubwa wake hana njia ila kucheka naye. Ningenyamaza tu, angalau kijana angeona kuna mmoja ambaye hakucheka.

Jioni nikapita mezani kwake. Nikamwambia kosa lile limetupata sote, na mimi limenipata zaidi ya mara moja.

"Ahsante, dada," akasema bila kuinua macho. Kidole kilikuwa kwenye skrini, anahakiki upya, mstari kwa mstari, kurasa ambazo nilikwisha kuzipitisha.