Siku moja maishani mwangu: kidole gumba na paundi 40

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya lolote, ukaguzi wa upinde wangu wa kompaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha. Natazama ugwe kama umeanza kuchanika nyuzi, naangalia kamba za pembeni kama zimekaa sawa kwenye magurudumu. Kisha nachukua mshale mmoja mmoja, naukunja kidogo karibu na sikio. Kaboni yenye ufa hulia. Mshale wa namna hiyo hupasuka unapofyatuliwa, na vipande vyake huingia mkononi, kwa hiyo hapa siharakishi.

Saa 1:30. Hatua tano kutoka kwenye sponji la shabaha lisilo na karatasi, macho nimefumba. Upinde wangu ni wa paundi 40. Nikiuvuta uzito unapanda, unapanda, halafu magurudumu yanapinduka na nabaki nimezuia paundi 10 hivi. Tunda la ubunifu wa Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1969. Wengi hudhani wepesi huo unamaliza kazi. Kwangu ndipo kazi inapoanza, maana ukiweza kusubiri, unaanza kuchagua sekunde ya kufyatua, na kidole kinajifunza kuwahi.

Saa 3:00. Mita 50, karatasi ya shabaha ya sentimita 80. Filimbi mbili, tunasogea kwenye mstari, moja, tunapiga, tatu, tunafuata mishale. Kabla ya hizo tatu hakuna anayevuka mstari.

Mshale wa kwanza, nyekundu. Wa pili, buluu, chini kushoto. Nimechungulia kwenye kitundu cha ugwe, kipovu cha pimamaji kiko katikati, nukta ya kulengea imetulia juu ya njano ya katikati, na papo hapo kidole gumba kimebonyeza kifyatulio, kifaa cha mkononi kinachoshika na kuachia ugwe, kwa pupa. Mkono wote umeshtuka.

“Weka podo chini,” kocha akasema. “Leo hufyatui mpaka nikwambie.”

Saa 4:00 hadi saa 6:00 nimevuta, nimelenga, nimehesabu sita, nimerudisha. Tena na tena. Mshale umo kwenye ugwe muda wote, kwa sababu upinde huu ukiachiwa mtupu nguvu yote hurudi kwenye mikono yake na unaweza kuvunjika. Kuurudisha nako kuna adabu yake: kidole mbali na kifyatulio, miguu imara, kwani magurudumu yakipinduka hukunyakua bega. Mabega yaliniwaka. Ila kufikia mara ya ishirini nukta ilikuwa ikielea juu ya njano nami siihangaikii tena.

Mapumziko. Gumzo ni Los Angeles 2028, upinde wa kompaundi utakapoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, timu za mwanamume na mwanamke. Nafurahi kana kwamba nimeitwa mimi.

Saa 9:00. Mishale 15, mitatu mitatu, kama kwenye pambano. Upepo umeanza. Kocha kanionya nisiguse kifyatulio kwa nguvu: niweke kidole, kisha nikaze kombe la bega kuelekea uti wa mgongo, mshale uondoke wenyewe. Kumi na nne za kwanza nilijua zinaondoka lini. Jumla yake alama 115.

Ya kumi na tano, nikiwa bado navuta mgongo, nikasikia mlio. Nilishtuka kwa mshale wangu mwenyewe. Ulipiga 8.

“Umeusikia huo?” kocha akauliza.

“Nimeusikia, Kocha.”

Daftarini, saa 11:00, nimeuzungushia duara huo 8 peke yake.