Samaki wa kupaka kwenye oveni: ninavyompika nyumbani

Samaki wa kupaka wa Pwani, yaani samaki wa kuchoma anayepakwa rojo la tui la nazi, ni wa mkaa, na anayesema oveni inatoa ladha ile ile anajidanganya. Lakini ukikaa ghorofani, moshi ni kesi na majirani. Oveni inatosha kabisa, mradi ukumbuke kwamba adui ni maji: maji ya kwenye ngozi, maji ya samaki wa barafu, na tui jepesi.

Nachukua changu wa kilo moja hivi, mzima na kichwa chake. Vipande vinene vya nguru vinafaa pia. Jodari simpendekezi, anakauka kabla rangi haijashika. Hata muuzaji akishampara na kumtoa matumbo, kazi bado ipo. Matamvua yote natoa. Ndani ya tumbo, kando ya uti wa mgongo, kuna mstari wa damu nyeusi chini ya utando mwembamba. Naupasua kwa ncha ya kisu na kusugua kwa kidole gumba hadi maji yatoke meupe. Shombo ambayo watu huifukuza kwa ndimu tatu mara nyingi inatoka hapo.

Namchanja mara tatu kila upande, kisu kikaribie mfupa, kisha namkausha kwa kitambaa nje na ndani. Natwanga punje 6 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbuzi moja na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, nasindilia kwenye mikato. Anakaa kwenye friji nusu saa bila kufunikwa. Chumvi itavuta maji; nayafuta tena, kisha nampaka mafuta vijiko viwili vya chakula. Ndimu nakamulia anapoingia motoni tu, maana ikikaa saa nzima inaivisha nyama juu juu na kuifanya kavu.

Tui ndipo wengi wanapokwama. Wakilimwaga kwenye samaki mbichi, wanapata samaki wa kuchemsha kwenye trei. Mimi napika rojo pembeni: tui zito la kwanza la nazi mbili, kitunguu saumu, tangawizi, nusu kijiko cha chai cha manjano, pilipili na chumvi. Moto wa wastani, nakoroga mfululizo mpaka lichemke, la sivyo linakatika. Nalipunguza hadi lishike mgongo wa mwiko; ukipitisha kidole, mstari ubaki. Ukwaju mzito, vijiko viwili vya chakula, unaingia mwishoni moto ukiwa chini, kwa kuwa uchachu nao hulikata tui.

Oveni inawaka nyuzi 220 kwa dakika 20 kabla. Samaki analala juu ya wavu uliopakwa mafuta, trei chini yake, nafasi ya juu. Foili sitaki: inafungia mvuke na ngozi inalegea. Wala simgeuzi, atavunjika. Baada ya dakika 18 napaka rojo, hasa kwenye mikato, namrudisha dakika 5, napaka tena, dakika 5 nyingine. Kama oveni ina moto wa juu, nauwasha dakika 2 za mwisho nikiwa nimesimama pale pale, maana nazi inaungua ghafla.

Kuiva naangalia nyuma ya kichwa, penye nyama nene zaidi. Nyama ikiachia mfupa na pezi la mgongo likichomoka kwa kuvuta kidogo, yuko tayari. Mwenye kipimajoto asome nyuzi 63 hapo hapo. Nyama ikiwa bado inang'aa kama kioo na kushikilia mfupa, arudi dakika 4.

Sato wa nusu kilo anafuata njia hiyo hiyo, ila rojo la kwanza linapakwa dakika ya 10. Rojo lililobaki naliweka mezani kwenye bakuli, pamoja na wali mweupe na kachumbari. Wali wa nazi juu ya tui hili unazidi.