Waliovuta kamba

Tulitoka Njombe kwenda Songea saa kumi na moja alfajiri, wanafunzi 26 na walimu wawili, tumebanana ndani ya Kosta. Dereva ni Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo utani ulianza kabla hatujaiacha stendi. "Mtani, leo nakupeleka kwetu ukaombe radhi," aliniambia. Wanafunzi wakaangua kicheko.

Walicheka tena tulipokuwa tunateremka Lukumburu. Kijana mmoja wa viti vya nyuma alijifanya Kinjikitile, mganga wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani aliyesema maji yake huzuia risasi, akawa anawanyunyizia wenzake maji ya chupa: "Risasi haikupati wewe!" Darasani somo la vita hivyo likifika hapo wanafunzi hucheka kila mwaka, na nakiri nami nimecheka nao mara nyingi. Kicheko hunivusha. Pamba inang'olewa Umatumbi Julai 1905, maji yanagawiwa, tunacheka, tunaorodhesha sababu za kushindwa, kengele inagonga.

Kiingereza nacho kilinisitiri. Miaka yote hiyo niliandika ubaoni neno lake la kunyonga, watoto wakalinakili kama msamiati mwingine wowote. Tulipoanza kufundisha Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, pa kujificha pakakosekana. "Walinyongwa" halihitaji kamusi. Mara ya kwanza kulitamka darasani niligeukia ubao, nikajidai natafuta chaki, na chaki ninayo mkononi.

Kuanzia Madaba mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili za barabara, mengine yameshatoa mbelewele. Niliwaambia waangalie nje. Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali yao ilihesabu vifo 75,000. Wapo wanahistoria wanaofika 300,000. Takwimu ziliwapita. Aliyekuwa na maji ya chupa aliuliza tutakula saa ngapi.

Makumbusho ya Majimaji yapo mjini Songea kwenyewe. Tulifika wiki moja kabla ya kumbukizi ya Februari 27, siku waliyonyongwa mashujaa wa Majimaji mwaka 1906, na uwanja ulikuwa unafagiliwa. Kaburi la pamoja ni refu, walimo watu 66. Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, amelala peke yake, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa mwaka 2023, akaomba msamaha na kuahidi kwamba kitatafutwa.

Tunaye binti wa ubini wa Gama. Mwongozaji alipomtaja Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, kati ya walionyongwa, wenzake wote waligeuka kumtazama. Yeye alitazama viatu vyake. Nilijua natakiwa kusema kitu, mwalimu ndiye mimi. Sikusema.

Ndipo yule wa chupa akauliza, safari hii bila mzaha: "Mwalimu, waliovuta kamba ni akina nani? Wazungu wenyewe?"

Jibu ninalo, ila huwa nalipitia haraka. Maofisa walikuwa Wajerumani, lakini askari wao wengi walikuwa Waafrika, na nyuma yao walikuwapo rugaruga, wapiganaji wasaidizi wa kienyeji. Nikaendelea, maana tayari nilikuwa nimeanza: Wahehe tuliowapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, miaka saba baada ya kifo cha mtemi wetu Mkwawa wengi wetu tulikuwa upande wa Wajerumani hao hao. Watu wa Iringa walikuja Ungoni na bunduki. Sijui kama babu wa babu yangu alikuwamo. Nyumbani hatujawahi kuuliza.

Sauti ilinikauka hapo. Mwalimu mwenzangu akaona, akawaita watoto wakapige picha.

Dereva alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Nilimsubiri anitanie, nafasi ilikuwa wazi kabisa. Alivua kofia, akaishika kifuani, kisha akaenda kukagua matairi ambayo alishayakagua asubuhi.

Wakati wa kurudi tulisimama Madaba kununua mahindi ya kuchoma, yale ya mwanzo, laini bado. Gari zima lilinukia moshi. Nilimpelekea yule binti la kwake, akapokea kwa mikono miwili, "asante mwalimu," akaliweka mapajani likiwa ndani ya majani yake. Tulipofika Lukumburu mvua ilikuwa imeanza, na bado hajalifungua.

"Hujisikii vizuri?" nilimuuliza.

"Nampelekea bibi," alisema. "Na wewe mwalimu, mbona hujala lako?"