Kigimbi Kimekaza Tena

Watu wakisikia unatumia dawa ya saratani, kwanza wanaangalia nywele. Zangu zipo, tena nimesuka twende kilioni, kwa hiyo wengi wanaamua wenyewe kwamba nimeshapona. Dawa yangu ni kidonge tu. Imatinibu, miligramu 400 kila siku, baada ya chakula na glasi kubwa ya maji, kisha narudi kwenye cherehani yangu. Saratani yenyewe ni ya damu, ile CML, na kidonge hukizuia kimeng'enya kinachozifanya chembe nyeupe zizaliane bila breki. Waliougua kabla ya mwaka 2001 hawakuwa na bahati hiyo. Najua. Mama mkwe ananikumbusha kila nikiguna: "Mwanangu, shukuru Mungu, wenzio hawapo."

Nashukuru. Na kidonge hicho hicho kinanikaza misuli.

Leo ilikuwa mkono. Nakata kola ya shati la mteja, mwenyewe amesimama mbele yangu akingoja, mara kidole gumba kikaanza kujikunja kuingia kiganjani. Chenyewe. Mkasi ukanasa vidoleni, nusu umefunguka, kitambaa kinaning'inia. Kabla ya maumivu huwa kuna mshangao: unakitazama kidole chako kinafanya mambo ambayo hukukituma. Nikakifungua taratibu kwa mkono wa kushoto, nikakishikilia hadi kikalegea, nikaendelea kukata. "Pole dada, umechoka," mteja akasema. Nikaitikia asante. Ukianza kueleza, shati haliishi.

Usiku ni zamu ya vigimbi. Mume wangu siku hizi hangoji nimwite. Anashika kisigino kwa mkono mmoja, kwa mwingine anausukuma unyayo uelekee kwangu, goti limenyooka, anashikilia tu. Zamani alikuwa anakikanda kigimbi kama unga wa chapati, nami nikizidi kupiga kelele. Kumbe msuli uliokaza unataka kuvutwa kwanza, kukandwa baadaye. Akiwa safarini nasimama sakafuni pekee yangu, mikono ukutani, kisigino nakibandika chini kwa nguvu mpaka kikubali.

Ushauri ninao wa kujaza debe. Kula ndizi. Lamba chumvi. Paka mafuta ya karafuu (nayapaka, yananukia vizuri, basi). Mzee mmoja jirani aliniapia kwamba dawa ni kwinini, ile ya malaria, enzi zao waliimeza kwa shida hiyo hiyo. Nilimuuliza daktari, akakataa katakata: kwinini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na imatinibu nayo huzishusha. Akaniambia mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaonya tangu 2006 kwamba isitumike kwa misuli kukaza. Mitishamba nayo alisema nisimeze wowote bila kumwambia, kwa sababu ini ndilo linaloichakata imatinibu, na kuna vitu vinavyoipandisha au kuishusha mwilini. Hata balungi sili.

Ndizi nazo hazikuwa na kesi yoyote. Nilipopimwa, potasiamu ilikuwa sawa, kalisiamu sawa. Magnesiamu ndiyo ilikuwa chini kidogo. Nikapewa vidonge vyake. Vidole vikatulia kiasi, tumbo likaanza kuharisha, na kuharisha hukausha maji mwilini, na maji yakipungua misuli inakaza. Nilicheka, maana kulia kusingesaidia. Kipimo kikapunguzwa. Imatinibu nayo daktari akakubali niihamishe kutoka jioni hadi baada ya chakula cha mchana. Usiku umekuwa na nafuu, ingawa si kila usiku.

Lakini kilichonifanya niandike ni baba mmoja niliyekaa naye kwenye benchi la kliniki Dar. Mimi nilikuwa nimeshuka na SGR ya asubuhi kutoka Morogoro, nanyoosha miguu, yeye akaniangalia, akajua. "Na wewe inakukamata?" Tukaongea kama ndugu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwisho wa wiki huwa hanywi kidonge, ili apate usingizi. Nikamuuliza kama daktari anajua. "Nikimwambia si wataninyang'anya?"

Hofu yake naielewa vizuri sana. Wengi wetu tunaipata dawa hii kwa msaada, na kitu cha bure mtu anaona aibu kukilalamikia. Tena unalalamikia nini, kigimbi? Kwenye foleni ile kuna watu wanaotapika. Hapo ndipo "shukuru Mungu" inaponiudhi, hata inapotoka kwa mtu anayenipenda. Inamfunga mtu mdomo, halafu anajitibu kimya kimya kwa kuruka vidonge, na ukiruka CML inapata upenyo wa kurudi, pengine ikiwa imeizoea dawa. Daktari akijua, ana njia: atapima damu, atabadili saa, ataangalia dozi, na ikishindikana kabisa zipo dawa nyingine za ukoo huo huo. Ila kubadilisha ni kazi yake, si ya baba yule na usiku wake wa Jumamosi. Nilimwambia hayo yote, pengine kwa ukali kuliko heshima ya umri wake. Jina lake likaitwa, akaingia. Alichosema mle ndani sikukijua.

Mume wangu sasa anataka kuifungia cherehani mota ili nisikanyage. Nimemwambia afunge, mkono wangu wa kulia utapona kuzungusha gurudumu kila nikianza mshono, ila pedali asiing'oe. Mchana nikikanyaga polepole, kisigino kikishuka na kupanda, vigimbi vinalegea. Oda za sare za shule zimeanza kuingia, na sketi za marinda hazitaki mtu wa kusimamasimama.