Miguu kuvimba jioni: nilikuwa nasoma namba isiyo yenyewe

Kwa miezi kadhaa, kila ikifika jioni miguu yangu ilikuwa mizito kama imejazwa mchanga. Nikivua soksi, alama ya lastiki ilibaki imezama kwenye ngozi hadi usiku. Daktari aliangalia kwanza moyo, figo na kama kuna damu iliyoganda (tafadhali usiruke hatua hii), akasema ni vali za vena (vilango ndani ya mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) zimelegea, damu inakawia kupanda.

Nilipunguza chumvi, nikalala miguu ikiwa juu ya mto. Nafuu kidogo tu. Nikajaribu vidonge vya mbegu za mti uitwao Aesculus hippocastanum. Uchambuzi wa 2012 wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, ulionyesha dondoo la mbegu hizo (kiini kilichokamuliwa) hupunguza uvimbe na maumivu ya aina hii. Wiki 3, hakuna kitu.

Kumbe ile miligramu 300 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kopo langu ilikuwa unga wa mbegu. Kinachofanya kazi ni esini, huandikwa aescin, na kipimo cha kawaida kwenye tafiti ni miligramu 50 za esini mara 2 kwa siku. Kopo langu halikuitaja kabisa. Nikampelekea daktari lililoitaja, akaliruhusu kwa kuwa situmii dawa za kuzuia damu kuganda. Nikameza asubuhi na jioni, pamoja na kuvaa soksi za kubana. Wiki ya 4, nilivua soksi nikakuta ngozi laini.

Mbegu mbichi, magome na majani ya mti huu ni sumu. Usichemshe mwenyewe nyumbani.