Wastaafu Wanne wa Bandani

Asubuhi ya leo nimeokota yai lisilo na gamba, limelala juu ya maranda likiwa ndani ya utando wake laini, na sikushangaa sana, kwa kuwa kuku aliyelitaga alikwisha kutaga mamia ya mayai kabla hajafika kwangu. Kuku wa mayai wa kisasa, yule wa kahawia aliyechanganywa mbegu ili atage karibu kila siku, hutoa takriban mayai 300 kwa mwaka, ilhali kuku wa porini wa Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wote tunaowafuga, hutaga machache kwa msimu, kisha huyaatamia na kulea vifaranga. Kila gamba linahitaji kalisi, na chakula kisipotosheleza, mwili huichota mifupani. Ndiyo maana kuku wengi wa aina hii hufikia mwisho wa kazi yao wakiwa na mfupa wa kidari uliowahi kuvunjika na kujiunga wenyewe.

Tangu majira ya kuchipua ninafuga kuku wa namna hiyo nyuma ya nyumba yetu hapa Leicester, Uingereza. Niliwapata wanne kupitia British Hen Welfare Trust, shirika la hisani lililoanzishwa na Jane Howorth mwaka 2005, ambalo huwachukua kuku mashambani pale mfugaji anapotaka kuliondoa kundi zima, kwa kawaida kuku wakiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi au zaidi, na kuwagawa kwa watu wenye banda na nafasi. Unajiandikisha, unaeleza banda lako lilivyo, unapangiwa siku na mahali pa kuwachukulia, unakwenda na maboksi yaliyotobolewa matundu ya hewa na kutoa mchango wako. Lililonivutia ni kwamba shirika hili haliwatukani wafugaji, bali linaelewana nao, kwa sababu bila ridhaa yao hakuna kuku hata mmoja ambaye angetoka akiwa hai. Wapo wanaouona uelewano huo kuwa ni usaliti. Mimi nauona kuwa ni akili.

Vizimba vya zamani vya waya mtupu, ambamo kuku mmoja alitengewa sentimita za mraba 550, yaani pungufu ya karatasi moja ya A4, vilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 1 Januari 2012, Uingereza ikiwa bado mwanachama. Vilivyoruhusiwa kubaki ni vile vinavyoitwa vizimba vilivyoboreshwa, vyenye sentimita za mraba 750 kwa kila kuku, pamoja na kiota, fito ya kutulia na sehemu ndogo ya kuchakura. Inafaa kukumbuka kwamba tangu mwaka 1965 kamati ya Profesa Roger Brambell ilikwisha kuiambia serikali ya Uingereza kuwa mnyama anayefugwa anapaswa, kwa uchache, kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Ilihitajika karibu nusu karne ili waya mtupu uondoke, na kizimba chenyewe bado kipo. Mnunuzi anaweza kukitambua dukani kwa namba ya kwanza iliyopigwa kwenye gamba: 0 ni yai la kilimo hai, 1 ni la kuku wanaotoka nje, 2 ni la kuku wa bandani wasiofungiwa vizimbani, na 3 ni la kizimbani. Wangu walikuwa watagaji wa namba 3.

Walifika wakiwa na migongo iliyo wazi, panga za kichwani zimepauka na kulalia upande mmoja, na ncha za midomo yao zimepunguzwa tangu wakiwa vifaranga ili wasije wakajeruhiana kwa kudonoana. Mmoja hakuwa na unyoya shingoni, nami nikampa jina la Kishingo, ingawa kishingo halisi wa nyumbani Tanzania huzaliwa hivyo na wala haoni haya. (Manyoya yake sasa yameota yote, jina limebaki bila sababu.)

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na nilipokuwa mtoto Muheza niliona kweli kuku aliyenunuliwa gulioni akifungwa mguu kwenye mti hadi alizoee banda jipya, maana akiachwa huru hurudi alikotoka au hupotea akijaribu. Hawa wanne hawakuhitaji kamba. Nililifungua boksi kwenye nyasi nikasogea mbali, na hakuna aliyetoka. Walisimama wamebanana pembeni, kila mmoja akitafuta ubavu wa mwenzake, na hatimaye aliyejaribu nyasi aliinua mguu juu, akautazama, akaurudisha palepale. Mvua ya kwanza waliisimamia wakalowa chapachapa huku mlango wa banda ukiwa wazi nyuma yao. Giza lilipoingia hawakupanda fito, walilala chini wamerundikana, ikanibidi niwe ninawanyanyua mmoja mmoja kila jioni na kuwaweka juu hadi mazoea yalipowaingia.

Lakini kuoga vumbi hakuna aliyewafundisha. Nilikuwa nimemwaga mchanga mkavu uliochanganywa na jivu la kuni chini ya ukingo wa paa, nikidhani ningelazimika kusubiri majuma mengi. Kishingo aliukanyaga, akasita, akaparura mara mbili, kisha akaanguka kwa ubavu, akaanza kujirushia vumbi chini ya mabawa kwa namna ileile ya kuku wa shangazi yangu chini ya mnazi, ambao walijifunza, kama nilivyodhani miaka yote, kwa kuwatazama mama zao. Kumbe mama si lazima. Ujuzi ule ulikaa ndani ya ndege aliyebanwa na mashine ya kutotolea vifaranga upande mmoja wa maisha yake na kizimba upande wa pili, ukangoja mchanga tu. Jambo hili limenisumbua kuliko migongo iliyo wazi, kwa sababu mgongo ulio wazi ni jeraha ambalo kila mtu huliona, ila haja iliyoko ndani ya kuku isiyopata pa kutokea haionekani kwa mtu anayepita na kuhesabu mayai.

Shangazi, ambaye bado yuko Muheza, ana maoni yake. Nilipompigia simu na kumaliza kumwamkia, aliuliza, “Mwanangu, hao kuku wa Kizungu mnawachinja lini?” Nilipomwambia kwamba hatuwachinji, alinyamaza kidogo, akasema, “Basi umewaletea kiinua mgongo.” Alichokikataa kabisa ni habari ya makombo. Sheria ya hapa haimruhusu mfugaji kuwapa kuku mabaki yaliyopita jikoni, hata maganda ya karoti, isipokuwa nyumba iwe haiingizi kitu chochote cha mnyama. Ukoko ambao kwake ndio chakula cha kwanza cha asubuhi cha kuku, kwangu ni kosa la jinai. Aidha, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mtu wa hapa anayefuga hata kuku mmoja lazima ajiandikishe serikalini, kwa sababu ya mafua ya ndege, na ugonjwa unapozidi hutolewa amri ya kuwafungia ndege wote ndani, kama ilivyokuwa Novemba 2021 na tena Novemba 2022. Amri hiyo ikija nitaitii, kwa moyo mzito, nikijua ninawarudisha chini ya paa wale niliowatoa humo.

Mmoja alikufa mwishoni mwa kiangazi. Tumbo lilijaa maji, akawa anasimama wima na kutembea kwa shida. Daktari wa mifugo alieleza kwamba yai huanguka ndani ya tumbo badala ya kupita njia yake na kuleta uambukizi, na kwamba huu ni ugonjwa wa kawaida kwa kuku waliozalishwa kwa ajili ya kutaga bila kupumzika. Tulikubaliana asiendelee kuteseka.

Ninajua pia kwamba banda walikotoka husafishwa na kujazwa mitetea wapya, na hesabu ya mfugaji haikubadilika kwa kuwa mimi nilikwenda na maboksi. Sijidai kuwa nimepunguza vizimba. Nimewachukua hawa.

Wamebaki watatu. Nimeandikisha jina tena kwa kundi la mwakani, na safari hii nimeomba watatu wengine, maana kumwingiza kuku mmoja peke yake kati ya wenyeji ni kumtafutia kipigo. Banda linatosha sita, mradi nivisogeze viota na kuongeza fito moja upande wa mlango.