Karatasi Kwenye Ubao wa Ofisi

Mkutano ule wa wazazi ulifanyika Jumamosi moja ya mwaka 2002, msimu wa machungwa. Kwetu Muheza, mkoani Tanga, msimu huo malori hungoja kando ya barabara, na mtu haachi mchungwa wake hivi hivi kwenda kusikiliza hotuba. Lakini siku hiyo walikuja, wengine moja kwa moja kutoka shamba, magunia matupu begani. Walikuwa na lao.

Ada ya shilingi 2,000 kwa mwaka ilikuwa imefutwa, na Januari ile MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa serikali, ilikuwa imeanza. Sisi tuliokuwa shuleni tuliona mabadiliko kabla ya wakubwa. Darasa la kwanza lilifurika. Watoto wa miaka 7 walikaa na wa miaka 10 waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa ada, wakagawanywa zamu mbili, asubuhi na mchana, na bado wengine wakasomea chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilipangiwa kutoa madawati nje na kuwagawia wazazi maji ya kunywa, kwa hiyo nilisikia kila neno.

Mwalimu Mkuu alieleza kwamba fedha za kujenga madarasa mawili zimeingia, ila mchanga, mawe na maji ni nguvu za wananchi. Hapo pakachafuka.

"Rais kasema bure," alisema mzee mmoja, hata hakusimama. "Bure gani hii ya kubeba mawe?"

Mama mmoja akainua sketi ya sare ya bintiye, alikuja nayo mkutanoni makusudi. Ilikuwa nyekundu kwa vumbi la sakafu. "Mwanangu anakaa chini tangu Januari. Kila siku nafua. Sabuni nayo ni bure?" Watu wakapiga makofi. Kisha akasimama kijana mmoja mchuuzi, akasema amesikia redioni kwamba kila mtoto analetewa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, na shule ina watoto zaidi ya 600. "Zidisheni wenyewe," akasema, akakaa. Hilo liliwauma watu kuliko yote. Nilimtazama Mwalimu Mkuu, nikaona anafuta jasho kwa mkono wenye chaki. Alijibu kwamba ruzuku haiji kwa mkupuo, inakuja kwa mafungu, na sehemu yake ni ya vitabu, haipiti mkononi mwake. Mwenyekiti wa kamati ya shule akaongeza kwamba mapato na matumizi yote yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo pale ofisini, tangu mwezi wa tano. Hakuna kilichofichwa.

Ndipo mama yangu aliposimama. Mama hakuwa mtu wa kusema kwenye mikutano. Alifunga kanga upya kiunoni, akangoja watu wanyamaze.

"Mwalimu, samahani. Imebandikwa, sawa. Mimi nimepita pale mara tatu. Nilisoma kisomo cha watu wazima, kile cha jioni, miaka ya sabini. Herufi za chapa nasoma. Mwandiko wa mkono unanishinda. Na humu siko peke yangu, basi tu watu wanaona haya. Hawa watoto mnawafundisha kusoma. Kwa nini hamkumwambia hata mmoja atusomee?"

Hakuna aliyejibu. Mama akanigeukia, mtungi bado mkononi mwangu. "Njoo, mwanangu. Tusomee."

Karatasi ikabanduliwa, nikapewa. Nakumbuka kona moja ilichanika, kipande kikabaki kwenye pini. Nilianza vizuri. Mapato. Matumizi. Saruji, mabati, misumari, posho ya fundi. Sauti yangu ilikuwa inapaa na nilimwona mama ameinua kidevu. Wazee walikuwa wanaitikia kwa kichwa kila nikitaja kitu, maana saruji waliishusha wao wenyewe kwenye lori. Nikafika kwenye mstari wa mwisho wa mapato: 1,260,000.

Nikanyamaza. Nilijua ni nyingi. Sikujua inaitwaje. Nikasema, "Moja, mbili, sita..." nikaishia hapo. Kwenye mwembe kuku alikuwa anaparua majani, ndiyo sauti pekee iliyosikika. Mwalimu Mkuu akaja taratibu, akasoma kwa niaba yangu: milioni moja, laki mbili na elfu sitini.

Yule mchuuzi hakuuliza tena habari ya dola. Mama hakukaa.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "huyu yuko la sita. Mwakani anafanya mtihani wa kumaliza. Hesabu anafundishwa na nani?"

Mwalimu Mkuu angeweza kukwepa. Mpaka leo namheshimu kwa sababu hakukwepa. Alisema mwalimu wetu wa hesabu alihamishiwa darasa la kwanza tangu Februari, zamu zote mbili, kwa kuwa hakuna mwingine, na la sita tunaandikiwa maswali ubaoni tunaachwa tufanye. Sisi watoto tulilijua hilo. Tulidhani na wazazi wanajua.

Mkutano ulibadilika kuanzia pale. Mawe hayakutajwa tena mpaka mwisho, na yalipotajwa walikubaliana kwa dakika chache, kila kaya ndoo kumi za mchanga. Muda mwingi walibanana na Mwalimu Mkuu juu ya nani atafundisha la sita na la saba, saa ngapi, tangu lini. Akaahidi kuingia mwenyewe, saa 1 asubuhi kabla ya kengele. Jumatatu aliingia.

Njiani kurudi nyumbani mama hakunisemesha. Nililia kimya kimya nyuma yake. Jioni, baada ya kula, akavuta koroboi karibu na mlango, akalainisha mchanga kwa kiganja, akanipa kijiti.

"Iandike ile."

Nikaiandika. Akamenya chungwa, akatoa mbegu mbili. Akahesabu tarakimu kwa kidole kuanzia nyuma, tatu, akaweka mbegu. Tatu nyingine, akaweka mbegu.

"Kisomo walituambia uanzie nyuma," akasema. "Haya. Soma."